Mtoto mchanga aote jua saa ngapi hasa? Na mwenye ualbino naye?

Mama_Ipagala

Habari za humu wakuu. Naomba wenye utaalamu mnisaidie, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Tuko Dodoma. Nyumbani kuna mtoto wa wiki saba, ananyonya maziwa ya mama tu. Kuna na mtoto wa wifi yangu, miaka sita, mwenye ualbino, yuko darasa la kwanza. Mama mkwe anataka wote wawili watoke nje saa moja asubuhi wakaote jua, kichanga kwanza apakwe mafuta ya nazi, kwamba jua la saa hiyo lina vitamini na halina madhara. Jirani anasema saa moja hakuna kitu, subiri saa nne. Kliniki niliambiwa tu "mwanike asubuhi", basi.

Sasa ni saa ngapi, dakika ngapi, na avuliwe nguo kiasi gani? Mafuta ya nazi yana kazi? Ni kweli jua linaondoa umanjano wa macho? Na huyu wa miaka sita, aote au asiote? Losheni yake chupa ya ml 100 inakaa miezi mitatu, sijui kama ndivyo inavyotakiwa.

---

Nesi_wa_Zamu

Dada, mama mkwe ana haki nusu. Jua la saa moja kweli halina madhara, na kwa sababu ile ile halina vitamini.

Juani kuna vitu vitatu ambavyo tunavichanganya: mwanga tunaouona, joto tunalolisikia, na mionzi ya UV ambayo hatuioni wala hatuisikii. Vitamini D inatengenezwa na kipande kimoja tu cha UV, kinaitwa UVB, mawimbi ya nanomita 280 hadi 315. Kinapiga mafuta fulani yaliyomo kwenye ngozi, yanageuka kuwa vitamini D, halafu ini na figo zinaimalizia. UVA, nanomita 315 hadi 400, haitengenezi vitamini hiyo. Yenyewe inaingia ndani zaidi na kuichakaza ngozi polepole. Asubuhi jua likiwa chini, mionzi inapita hewani kwa mshazari, njia inakuwa ndefu, na tabaka la ozoni linanyonya UVB karibu yote. Kinachomfikia mtoto ni mwanga na vuguvugu.

Dodoma siku isiyo na mawingu, kipimo cha UV kinakwenda hivi: saa moja sifuri, saa mbili kama 1, saa tatu kama 3, saa nne 6 na kuendelea, kati ya saa sita na saa saba 11 au zaidi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuanzia 3 kuwa mtu aanze kujikinga, 8 ni kali sana, 11 ni kupindukia. Kwa hiyo hata jirani amekosea kidogo, saa nne ya Dodoma ni nyingi kwa kichanga.

Saa nazo zinadanganya. Saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko nje kabisa ya nchi yetu upande wa bahari. Ndiyo maana jua halifiki juu saa sita kamili. Dar es Salaam linafika kama saa sita na dakika 23, Dodoma saa sita na dakika 37, Mwanza saa saba kasoro dakika 12, Kigoma saa saba na dakika moja hivi, na kila mahali linasogea robo saa mbele au nyuma kufuatana na mwezi. Saa tatu ya Kigoma siyo saa tatu ya Tanga. Acha saa, tazama kivuli chako mwenyewe ukisimama mahali tambarare:

Kivuli kikiwa zaidi ya mara mbili ya urefu wako, UVB ni kidogo mno, mtoto anaota vuguvugu tu.
Kikiwa kati ya mara mbili na mara moja ya urefu wako, hapo ndipo pa mtoto. Dodoma ni kama saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu.
Kikiwa kifupi kuliko wewe, mrudishe ndani au kivulini.

Namna ya kufanya: mvue abaki na nepi na kofia. Kaa umempa jua mgongo wewe, yeye mapajani, uso wake ndani ya kivuli chako, miguu, mikono na mgongo nje. Siku za kwanza dakika tano, panda taratibu hadi 15 au 20, siku nyingi za wiki, katikati umgeuze. Kuna utafiti wa Cincinnati, Marekani, wa mwaka 1985, ulioonyesha kwamba watoto wa Kizungu wanaonyonya walitosheka na dakika 30 kwa wiki nzima wakiwa na nepi tu, au saa mbili kwa wiki wakiwa wamevaa nguo bila kofia. Ngozi nyeusi inahitaji mara kadhaa ya hizo, ndiyo maana nimekwambia siku nyingi. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa Dodoma ukivuma, usimvue wote. Toa miguu tu na uongeze dakika.

Usimweke nyuma ya kioo cha dirisha. Kioo cha kawaida kinazuia UVB na kupitisha sehemu kubwa ya UVA, yaani unakosa faida na kubaki na hasara.

Shingo ikiwa ya moto, akihema haraka, akilia bila kutulia au akilegea, ingia ndani, mnyonyeshe. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu, hutauona mapema. Gusa.

Umanjano: mwanga wa buluu ndio unaovunja ile rangi ya njano, na hospitali wanautoa kwa taa maalumu, mtoto akiwa uchi na macho yamefunikwa, kwa saa nyingi mfululizo. Jua la uani haliwezi kutoa dozi hiyo bila kumchoma au kumpandisha joto. Umanjano ulioanza ndani ya saa 24 za kuzaliwa ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Wa kwako ana wiki saba. Kama macho bado ya njano, umeshapita wiki mbili, na hapo hakuna suala la jua tena. Angalia choo: kikiwa cheupe au rangi ya udongo wa chokaa, na mkojo unatia nepi rangi ya njano, nenda kesho, usingoje tarehe ya kliniki. Njia ya nyongo ikiwa imeziba, upasuaji wake unafanya kazi vizuri zaidi kabla ya siku 60, na wewe uko kwenye siku ya 49 au zaidi.

Mafuta ya nazi mpake akishatoka kuoga jioni. Juani hayaongezi vitamini wala hayakingi.

---

Kipara_Ngoto

Haya mambo ya kupima kivuli ni ya Wazungu. Bibi zetu walianika watoto bila saa wala nanomita na tumekua. Na mtu mweusi hapati saratani ya ngozi, hiyo ni ya wenye ualbino na watalii. Mimi upara wangu huu unaota jua la utosi miaka 30.

Halafu watu husema vitamini D ya jua inazuia matege, mbona Arusha na Meru jua lipo tele na matege yapo tele?

---

DawaBaridi

Mzee wangu Kipara, bibi zetu hawakuhitaji kupima kwa sababu mtoto alibebwa mgongoni shambani kutwa nzima. Kuna kipimo kilichofanywa kwa Wamasai na Wahadzabe hapa hapa Tanzania, kikachapishwa 2012: wastani wa vitamini D kwenye damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Wataalamu wengi wanahesabu 50 kuwa inatosha. Mtoto wa leo yuko chumba cha kupanga, ghorofani, dada wa kazi amefungiwa geti. Nchi ya jua anaiona kwenye ramani tu.

Saratani: umesema kweli kidogo. Melanini, ile rangi ya ngozi nyeusi, inafanya kazi kama losheni ya SPF (namba ya kinga ya jua) 13 hivi. Kwa hiyo saratani ya jua kwetu ni chache, haikosekani. Ile mbaya zaidi, melanoma, kwa watu weusi inajitokeza sana kwenye unyayo, kiganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halihusiki kabisa. Bob Marley alianzia kidole cha mguu, akafariki 1981. Doa jeusi linalopanuka unyayoni, au mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unaozidi kunenepa, onyesha. Nyingine inayotupata weusi ni inayoota juu ya kovu la moto la zamani au kidonda cha mguu kisichopona miaka. Upara wako kagua makovu na vidonda, na vaa kofia, hata kwa ajili ya kichwa kuuma.

Matege ya Arusha ni somo jingine kabisa, na ni kosa la kila siku kuyatibu kwa jua. Kule maji ya chemchemi na visima vingi yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo vinavyopita hapo mara nyingi. Magadi ya kupikia nayo yanaongeza. Dalili inayofuatana nayo ni meno ya kahawia yenye mabaka. Huyo dawa yake ni kubadilisha maji, siyo kumwanika.

Na kuna matege ya tatu, ya kukosa kalsiamu: mtoto ameachishwa ziwa, anakula uji mtupu na ugali, jua analipata. Nafaka ina kitu kinachoshika kalsiamu isiingie mwilini. Mchicha watu wanausifu, lakini una asidi inayoifungia kalsiamu yake mwenyewe, inapita tu. Mpe dagaa wazima na mifupa yao, waliosagwa wachanganywe kwenye uji, au maziwa.

Kutambua matege ya ugonjwa: miguu kupinda kabla ya miaka miwili mara nyingi ni kawaida, wote wapindike sawa. Baada ya hapo mlaze, unganisha vifundo vya miguu, pima nafasi kati ya magoti. Ikizidi sentimita 6, au mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, apigwe picha. Viwiko vya mikono vinene pale saa inapovaliwa, vinundu kwenye mbavu, utosi haufungi, meno yamechelewa: usingoje kipimo cha magoti.

---

Nesi_wa_Zamu

Marekebisho madogo kwa DawaBaridi: pale saa inapovaliwa siyo kiwiko, ni kifundo cha mkono. Kiwiko kiko katikati ya mkono. Mtu asije akampima mtoto sehemu isiyo yake. Mengine yote nakubaliana nayo. Na mtoto mdogo mwenye upungufu mkubwa wa vitamini D anaweza kuanza na degedege bila homa kabla hata miguu haijapinda.

---

DawaBaridi

Nimekosa, asante nesi. Kifundo cha mkono.

---

Kofia_ya_Pama

Nijibu la mtoto wa miaka sita. Shangazi, huyu asiote. Siyo saa moja, siyo saa tatu, hakuna saa yake ya kuota.

Sababu ni hii. Ngozi yake haina kile kichujio alichokitaja DawaBaridi, kwa hiyo UVB inaingia yote. Dakika chache za kutembea kwenda shule, na mikono na uso nje, zinampa vitamini D aliyoihitaji. Kumtoa makusudi ili "apate vitamini" ni kumwongezea dozi ya madhara peke yake, na hayo madhara yanajumlishwa, hayafutiki akilala. Anayepata saratani akiwa na miaka 25 alianza kuitengeneza darasa la kwanza. Kwa wenye ualbino Afrika saratani inakaa zaidi kichwani na shingoni: masikio, midomo, mashavu, nyuma ya shingo. Hizo ndizo sehemu ambazo sare ya shule haizifuniki.

Nguo kwanza, losheni baadaye. Watu wanapindua. Losheni ni ya kile tu ambacho nguo imeshindwa kufunika.

Shati la mikono mirefu, suruali badala ya kaptula, soksi ndefu. Andika barua kwa mwalimu mkuu, omba sare hiyo na kofia viruhusiwe hata mstarini. Jaribu kitambaa: kinyanyue mbele ya balbu, ukiona umbo la balbu, mionzi nayo inaona ngozi. Shati jeupe lililochakaa na kulowa jasho linapitisha zaidi. Kofia iwe ya pama, ukingo sentimita 7.5 au zaidi pande zote. Kapelo inakinga paji la uso na kuyaacha masikio yote mawili.

Losheni iwe SPF 30 au zaidi na iandikwe kwamba inakinga UVA na UVB. SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya UVB, SPF 50 asilimia 98, kwa hiyo usiuze kuku kwa ajili ya 50. Lakini namba hizo zimepimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, na hakuna mtu anayepaka hivyo kwa hiari. Ukipaka nusu ya kiasi, hupati nusu ya namba kwa uaminifu, mara nyingi unapata chini yake.

Sasa tuhesabu chupa yako. Mtu mzima aliyevaa vizuri anabaki na uso, masikio, shingo na migongo ya viganja. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, ml 5. Mara mbili kwa siku ni ml 10, chupa ya ml 100 inakwisha siku ya kumi. Wa miaka sita weka ml 3, mara mbili, ml 6: chupa haifiki siku 17. Yako inakaa siku 90. Maana yake mtoto anapakwa kama moja ya tano ya anachostahili, na nyumba nzima inaamini amekingwa. Wengi ndivyo tulivyo, kwa sababu chupa ni adimu na tunaibania. Ukiwa na chupa moja tu kwa miezi mitatu, ni bora uipake ipasavyo masikio, pua, midomo na shingo, na sehemu nyingine zote uzifunike kwa nguo, kuliko kuipaka kama manukato mwili mzima.

Apakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, arudie saa mbili baadaye akiwa bado nje, na kila akitoka jasho au kunawa. Shuleni apewe kichupa kidogo cha mapumziko na mwalimu mmoja ajue. Masikio nyuma na juu, nyuma ya shingo, mpaka wa nywele: hapo ndipo panaposahaulika. Chupa isikae dirishani wala kwenye bati. Ikijitenga maji na mafuta, imeharibika, hata tarehe ikiwa bado.

Pa kupata: Moshi, pale hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kina kiwanda kidogo kinachotengeneza losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na inagawiwa bure kupitia kliniki zao. Uliza hospitali ya mkoa au chama cha watu wenye ualbino mkoani kwako siku ya kliniki ni ipi. Walioko Kenya wanapata losheni ya jua kwenye hospitali za kaunti kwa kujiandikisha na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

Kucheza nje: kabla ya saa mbili na nusu na baada ya saa kumi na nusu. Michezo ya shule ya saa tano awe mwamuzi chini ya mti, na hata hapo kofia ikae kichwani, maana kivuli kinapunguza kama nusu tu. Mchanga mkavu unarudisha asilimia 15 ya mionzi kutoka chini. Darasani akae mbele, karibu na ubao kwa sababu ya macho, na dirisha liwe nyuma au ubavuni, asilitazame.

Mara moja kwa mwezi mkague mchana, kichwa hadi vidole. Gamba kavu gumu kama msasa, linalotoka na kurudi pale pale, hilo linachomwa kliniki kwa naitrojeni ya baridi kwa dakika chache. Kidonda kilichopita wiki nne, kinachotoa damu kikiguswa, au kinachoota kama pembe: usikipake chochote, kipelekwe.

---

MpimaMacho

Niongezee macho, maana yanasahaulika kila tukizungumza jua.

Miwani ya giza ya elfu tatu pale stendi inaweza kuwa mibaya kuliko kutovaa. Giza linaifungua mboni, na kama kioo hakina kinga ya UV, mionzi inaingia kwa mlango mpana. Tafuta iliyoandikwa UV400, na usiamini karatasi iliyobandikwa: duka la miwani lenye kipima UV litakupimia papo hapo. Rangi ya kioo si kitu, kinga yenyewe haina rangi. Kwa mtoto mwenye ualbino apimwe pia uwezo wa kuona, kwa sababu mwanga unamuumiza na lenzi anahitaji, vyote kwenye fremu moja.

Waendesha bodaboda, wavuvi, wakulima wa mwani wa Jambiani na Paje, Zanzibar: mtapata nyama ya jicho, kile kinyama chenye umbo la bawa kinachotoka kwenye weupe upande wa pua kuja kwenye mboni. Wakulima wa mwani bamvua zao zinawapeleka majini, maji yakikupwa kama saa nne asubuhi, yaani wanainamia jua likiwa linapanda.

Tofautisha. Nyama ya jicho inakua miaka. Ikikua kwa wiki au miezi, ikiwa na utando mweupe juu yake na mishipa minene ya damu inayoielekea, hiyo inaweza kuwa saratani ya utando wa jicho, ambayo ukanda wetu wa Afrika Mashariki inatusumbua kuliko wengi, kwa jua letu na kwa VVU. Inakatwa, ikiwahi, jicho linabaki. Anayekushauri maji ya majani, mwambie asante ukiwa unaondoka.

---

Mbeba_Boksi_Leicester

Wadau sisi huku tuseme nini? Februari jua linawaka hadi unavaa miwani, watoto nawakalisha dirishani. Inasaidia?

---

Nesi_wa_Zamu

Ndugu, haisaidii, na una makosa mawili kwa mpigo: kioo na kivuli. Toka nje saa sita mchana wa Disemba huko Leicester, kivuli chako kitakuwa mara nne ya urefu wako. Hilo ni sawa na jua la Dodoma kabla ya saa mbili, kutwa nzima. Kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi Uingereza haina UVB ya kutosha, hata ukilala uchi bustanini.

Ushauri wa afya wa huko ni mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, vuli na kipupwe kwa wote, na kwa wenye ngozi nyeusi wafikirie mwaka mzima. Watoto wa mwaka mmoja hadi minne mikrogramu 10. Kichanga anayenyonya ziwa 8.5 hadi 10 tangu kuzaliwa, isipokuwa anayekunywa maziwa ya kopo zaidi ya ml 500 kwa siku, hayo yameshaongezewa. Mikrogramu 10 ndiyo IU 400 (IU ni kipimo kingine cha vitamini hiyo hiyo), usije ukanunua mara mbili ukidhani ni vitu tofauti.

---

DawaBaridi

Walioko Muscat na Dubai nao wasijione salama. Jua lipo, ila mtu anatoka kwenye kiyoyozi cha nyumba kwenda cha gari, amefunikwa mwili wote. Upungufu upo sana. Na wanaofanya kazi za nje kule tatizo lao la haraka ni joto, siyo UV. Ndiyo maana Oman inapiga marufuku kazi za juani saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti. Ukiacha kutoka jasho katikati ya joto na akili ikaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura: kivuli, maji mwilini kwa nje, feni, hospitali.

Kitu kingine ninachokiona kaunta kila siku. Anayetumia mkorogo ameuvua mwenyewe ule SPF 13 wake. Haidrokwinoni na zebaki zinazuia melanini, steroidi inaifanya ngozi iwe karatasi, halafu mtu anapanda bodaboda saa saba. Jua likipiga hapo linaleta mabaka meusi ya buluu mashavuni, naye anaongeza mkorogo kuyafuta, nayo yanazidi. Dawa ya kwanza ni kuacha na kupaka losheni ya jua kila siku. Kama ulitumia wenye steroidi kwa miezi, muone daktari wa ngozi akuachishe kwa hatua, ukikata ghafla uso unalipuka.

Doksisaiklini, kotrimoksazoli na kile kidonge cha presha cha haidroklorothiazaidi vinaweza kuifanya ngozi iungue upesi. Usiache dawa, ongeza kofia. Na ndimu: mnaojipaka ndimu kwapani au usoni na kutoka nje, maji yake yakipigwa na UVA yanaunguza kama maji ya moto, malengelenge siku ya pili, doa jeusi miezi. Nawa kwa sabuni kabla ya kutoka.

---

Mama_Ipagala

Asanteni sana. Macho ya mtoto ni meupe na choo ni cha njano kama haradali, namshukuru Mungu. Losheni nimeelewa, nimeumia kidogo.

Leo nimenunua na matone ya vitamini D ili nisitegemee jua tu, maana upepo umeanza. Dukani wameniambia "tone moja kwa siku". Lakini chupa imeandikwa IU 400 kwa ml 1, na ndani kuna bomba dogo lenye mistari. Nifuate lipi?

---

DawaBaridi

Fuata chupa, dada. Kuna aina mbili sokoni: zile ambazo tone moja lina IU 400, na zile ambazo ml moja nzima ndiyo yenye IU 400. Yako ni ya pili. Ukimpa tone moja utakuwa unampa kama IU 20, yaani si kitu. Mwenye chupa ya aina ya kwanza akimpa mtoto ml moja, anampa dozi ya wiki kadhaa kwa siku moja. Akirudia hivyo kila siku kalsiamu inapanda kwenye damu, mtoto anatapika, anakosa choo, anakojoa sana. Kikomo kwa aliye chini ya miezi sita ni IU 1,000 kwa siku.

Vuta hadi mstari wa ml 1, pitisha bomba ndani ya shavu, siyo kooni, msukumie kidogo kidogo akiwa ameinuliwa kichwa. Bomba hilo libaki na chupa hiyo. Chupa ikiisha na ukanunua ya kampuni nyingine, soma upya kabla ya kufungua, na bomba la zamani litupe.